UZI MAALUMU: Miezi miwili ya Mahakama ya Afrika Mashariki na utafiti unaopaswa kufanywa kabla haijaisha

Karani wa Zamu (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila sheria kandamizi inapopita au wanakijiji wanapochomewa maboma, humu husemwa "twendeni Arusha". Uzi huu ni wa wanaotaka kwenda kweli: wanafunzi wa sheria, waandishi, watu wa asasi na mawakili ambao bado hawajazoea mahakama za kikanda.

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Arusha kuna mahakama mbili.

Ya kwanza ni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ya Umoja wa Afrika. Mtu binafsi anaifikia moja kwa moja iwapo tu nchi yake imeweka tamko chini ya Ibara ya 34(6) ya Itifaki ya 1998 iliyoianzisha mahakama hiyo. Rwanda ilijiondoa kwenye tamko hilo mwaka 2016. Tanzania ilitoa taarifa ya kujiondoa Novemba 2019, na kujiondoa huko kukaanza kufanya kazi tarehe 22 Novemba 2020. Kenya, Uganda, Burundi na Kongo hazijawahi kuliweka. Mashauri yaliyofunguliwa kabla ya kujiondoa yanaendelea, ndiyo maana bado mnasikia hukumu dhidi ya Tanzania.

Ya pili ni Mahakama ya Afrika Mashariki, ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, maarufu kama EACJ. Kwa Ibara ya 30(1) ya Mkataba wa Jumuiya, mkazi yeyote wa nchi mwanachama, awe mtu au taasisi, anaweza kupinga sheria, kanuni, agizo, uamuzi au kitendo cha nchi mwanachama au chombo cha Jumuiya. Si lazima awe raia, na si lazima awe amepita kwanza mahakama za nchini kwake. Huu ni mlango mpana kuliko watu wengi wanavyodhani.

Ila Ibara ya 30(2) imeweka ukomo wa miezi miwili. Mahakama haina mamlaka ya kuongeza hata siku moja, hata kama wakili alilazwa au waathirika ni elfu tatu. Kwa hiyo faili la utafiti lianze na karatasi moja ya tarehe. Hoja nzuri zisubiri.

---

Mwana wa Mkwaju

Mkuu asante. Kwa nini miezi miwili tu? Madai ya kawaida ya mkataba huku kwetu yana miaka sita.

---

Karani wa Zamu

Mkataba wa awali haukuwa na ukomo huo. Novemba 2006 Mahakama ilizuia kuapishwa kwa wabunge wa Kenya katika Bunge la Afrika Mashariki, Shauri Na. 1 la 2006 lililofunguliwa na Anyang' Nyong'o na wenzake. Wiki chache baadaye wakuu wa nchi walirekebisha Mkataba. Marekebisho hayo ndiyo yaliyoleta divisheni mbili (ya Mwanzo na ya Rufani), ukomo wa miezi miwili, na Ibara ya 30(3) inayoitoa Mahakama kwenye mambo ambayo Mkataba umeyaacha kwa vyombo vya nchi wanachama. Ukiijua historia hiyo unaelewa kwa nini wanasheria wa serikali huanza na muda kila mara. Ndiyo silaha waliyojitengenezea.

---

Sheria Bila Joho

Naongezea kwenye muda, maana hapo ndipo mashauri mengi mazuri yamekufia. Someni haya manne, na yasomwe kwa mpangilio huu.

Mlima Elgon. Asasi ya IMLU ya Kenya ilishtaki kuhusu mateso na mauaji ya 2006 hadi 2008. Divisheni ya Mwanzo iliwakubalia Juni 2011 kwamba jambo lile halikubanwa na muda. Divisheni ya Rufani ikatengua Machi 2012. Ilisema Mkataba hautambui "ukiukaji unaoendelea" kama njia ya kuukwepa ukomo.

Omar Awadh na wenzake. Watuhumiwa wa mabomu ya Kampala ya Julai 2010, waliotolewa Kenya kupelekwa Uganda. Mwaka 2013 Divisheni ya Rufani ilisisitiza msimamo uleule: muda unaanza siku ya kitendo, hata kama mtu bado yuko mahabusu.

Bomba la mafuta ghafi, EACOP. Asasi zilifungua Shauri Na. 39 la 2020 mwezi Novemba mwaka huo. Tarehe 29 Novemba 2023 Divisheni ya Mwanzo ilisema wamechelewa, walipaswa kufika tangu 2017, kwani makubaliano ya Tanzania na Uganda yalisainiwa Mei 2017. Hoja za mazingira na fidia hazikuguswa kabisa. Hili liwe onyo kwa kila anayefuatilia miradi mikubwa: mkataba ukisainiwa saa imeanza, hata kama tingatinga litafika baada ya miaka mitano.

Martha Karua dhidi ya Kenya, Shauri Na. 20 la 2019. Kesi ya uchaguzi wa ugavana Kirinyaga ilianza 2017, lakini kilicholalamikiwa Arusha kilikuwa hukumu ya Mahakama ya Juu ya Agosti 2019, iliyosema miezi sita ya kusikiliza kesi za uchaguzi imekwisha. EACJ iliona amenyimwa haki ya kusikilizwa, ikampa dola 25,000 za Marekani, Novemba 2020.

Linganisheni la kwanza na la nne. Hukumu ya mahakama ya mwisho nchini ni "uamuzi" wa nchi na ina miezi miwili yake. Lakini ukiitumia, lazima ulalamikie jinsi mahakama ile ilivyokutendea. Ukirudi kulalamikia kitendo cha awali, umerudi kwenye muda uliokwisha.

---

Chausiku_TZ

Wakuu naomba kufafanuliwa. Kama kitendo kilifichwa, mimi nikakijua mwaka mmoja baadaye, je?

---

Sheria Bila Joho

Dada Chausiku, ibara inataja mambo mawili. Miezi miwili tangu kutungwa, kuchapishwa, kuagizwa, kuamuliwa au kutendwa. Au, *pasipokuwa na hilo*, tangu siku mlalamikaji alipojua. Tarehe ya kujua inakuja pale tu ambapo tarehe ya kitendo haipatikani. Gazeti la Serikali likichapisha, huwezi kusema hukulisoma.

Ukitegemea tarehe ya kujua, kiapo kieleze nani alikuambia, lini, kwa barua au kwa mdomo, na kwa nini isingewezekana kujua kabla. Kisha ambatanisha bahasha yenye muhuri wa posta, barua pepe yenye tarehe, muhtasari wa kikao. Kiapo kinachosema "nilikuja kupata taarifa" bila tarehe hupigwa chini kwenye pingamizi la awali.

Ni miezi ya kalenda, si siku sitini. Uamuzi wa tarehe 10 Machi, siku ya mwisho ni 10 Mei. Lenga kuwasilisha wiki mbili kabla, maana ukiwasilisha siku ya mwisho na kiambatisho kimoja kikakosa muhuri, huna pa kukimbilia.

---

Karani wa Zamu

Nakazia kwenye sheria mpya. Zina tarehe tatu au nne: kupitishwa na Bunge, Rais kutia saini, kuchapishwa Gazetini, kuanza kutumika. Mtafiti makini anahesabu kutoka ile ya mapema zaidi inayoweza kubishaniwa.

Mfano wa waliofanya vizuri ni Baraza la Habari Tanzania na wenzake, Shauri Na. 2 la 2017, dhidi ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Muswada ulipitishwa Novemba 2016, shauri likawa masjala Januari 2017. Pingamizi la muda halikuwaua, ndiyo maana hoja zilisikilizwa. Tarehe 28 Machi 2019 Mahakama ilitaja kifungu kwa kifungu, kuanzia cha 7(3) hadi vya uchochezi na kashfa kama jinai, kwamba vinakiuka Ibara za 6(d) na 7(2) za Mkataba. Mwaka 2023 Bunge lilirekebisha baadhi.

Angalieni pia walivyouandaa utafiti wao. Hawakusema "sheria yote ni mbaya". Walichukua kila kifungu wakakipima kwa maswali matatu: kimeandikwa wazi kiasi cha mtu kujua kosa ni lipi? Kina lengo halali? Kizuizi kinalingana na lengo? Jedwali la safu nne (maneno ya kifungu, na jibu la kila swali) linatosha kwa rasimu ya kwanza, na jaji analifuata kwa urahisi.

---

Kipepeo wa Tana

Salamu kutoka Kenya, wadau. Swali kwa walio na ujuzi: EACJ si korti ya haki za binadamu, au sivyo? Serikali husema hivyo kila mara.

---

Sheria Bila Joho

Serikali husema hivyo, na nusu yake ni kweli. Ibara ya 27(2) inasema mamlaka ya haki za binadamu yatakuja kwa itifaki maalumu, na itifaki hiyo haijakamilika. Lakini mwaka 2007, katika shauri la Katabazi dhidi ya Uganda, Mahakama ilitoa msimamo unaotumika hadi leo. Novemba 2005 askari walikuwa wameizingira Mahakama Kuu Kampala kuwazuia watuhumiwa 14 waliopewa dhamana. EACJ ikasema haitajitwika mamlaka ya haki za binadamu, ila haitaacha kutafsiri Mkataba eti kwa sababu tu ndani ya madai kuna haki za binadamu.

Kwa vitendo, ndugu Kipepeo, ni hivi. Usiandike "naomba Mahakama itamke kuwa haki yangu chini ya Ibara ya 9 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu imevunjwa". Andika kwamba kitendo kimekiuka wajibu wa nchi chini ya Ibara ya 6(d) na 7(2) ya Mkataba wa Jumuiya: utawala bora, utawala wa sheria, uwajibikaji, uwazi, na kutambua haki kwa mujibu wa Mkataba wa Afrika. Hati ya haki za binadamu unaitumia kuonyesha kipimo, siyo kama msingi wa mamlaka. Ongeza 8(1)(c), inayozitaka nchi zijiepushe na hatua zinazokwamisha malengo ya Jumuiya. Kama ni kuzuiwa mpakani, tumia Itifaki ya Soko la Pamoja. Mohochi, wakili Mkenya aliyerudishwa kutoka Entebbe Aprili 2011, alishinda kwa njia hiyo Mei 2013.

---

Kipepeo wa Tana

Asante sana. Wacha niongeze njia ya tatu, kwa wale waliokwisha pitwa na muda. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Banjul, haihitaji tamko la 34(6), na Tume yenyewe inaweza kupeleka nchi mbele ya Mahakama ya Afrika iwapo nchi hiyo imeridhia Itifaki. Waogiek, jamii ya msitu wa Mau huku Kenya, walifuata njia hii: Tume ilipokea malalamiko 2009, ikaipeleka Kenya kortini 2012, hukumu ikatoka 26 Mei 2017, na ya fidia 23 Juni 2022: shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa madhara mengine. Sharti ni umalize korti za nyumbani kwanza, ama uthibitishe zimecheleweshwa kupita kiasi. Mtu asiende huko akitafuta wepesi. Hesabu miaka, na kupata fidia yenyewe ni vita vingine.

---

Mwana wa Mkwaju

Na rushwa je? Ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) ikitoka kila mwaka tunaona mabilioni. Kuna mtu anaweza kuipeleka EACJ?

---

Karani wa Zamu

Mkuu, ripoti ya CAG peke yake haikufikishi. Inaeleza mwaka wa fedha uliokwisha kufungwa, kwa hiyo malipo au zabuni inayotajwa ilifanyika miezi mingi kabla. Utakuwa umechelewa siku ileile ripoti inapowekwa mezani bungeni. Halafu EACJ haimhukumu mtu. Mlalamikiwa ni nchi, kupitia Mwanasheria Mkuu, au chombo cha Jumuiya. Waziri, mkandarasi au kampuni huwezi kuwashtaki pale.

Kinachowezekana ni kulenga uamuzi mpya wa serikali wenye tarehe yake: kukataa kutoa mkataba au taarifa, kusamehe utaratibu wa ushindani kwa tangazo, kutunga kanuni inayoficha taarifa za zabuni. Hapo Ibara ya 6(d) inaingia kwenye uwajibikaji na uwazi.

Kwa hiyo utafiti wa rushwa uanze na ombi la taarifa. Tanzania, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa taasisi siku 30 kujibu. Kenya, sheria ya 2016 inatoa siku 21, au saa 48 kama taarifa inahusu uhai au uhuru wa mtu. Uganda, sheria ya 2005, siku 21. Taja hati mahususi: "nakala ya mkataba namba fulani na viambatisho vyake, na muhtasari wa bodi ya zabuni wa tarehe fulani". Ukiomba "taarifa zote kuhusu mradi" umewapa sababu ya kukataa. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Tahadhari: barua ya kukataliwa ni kitendo chake chenyewe, na kesi itakuwa juu ya kukataliwa taarifa. Haiifufui zabuni ya miaka mitatu iliyopita, na majaji wanaiona mbinu hiyo haraka.

---

Bukavu Mashariki

Jambo ndugu zangu. Sisi wa Kongo tumeingia Jumuiya juzi. Tunaweza kulalamika juu ya mambo ya Kivu ya zamani? Na hati zetu ni za Kifaransa.

---

Sheria Bila Joho

Karibu, ndugu. Kongo ilisaini Mkataba Aprili 2022 na kukabidhi hati ya kuridhia Julai 2022. Kitendo cha Serikali ya Kongo kabla ya hapo hakikuwa chini ya Mkataba, kwa hiyo hakiingii. Ni hivyohivyo kwa Sudan Kusini kabla ya 2016 na Somalia kabla ya 2024.

Msichanganye na kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda katika Mahakama ya Afrika. Hiyo ni ya nchi dhidi ya nchi. Tamko la 34(6) halihusiki nayo, na mtu binafsi hawezi kuifuata.

Lugha: Ibara ya 46 inasema lugha ya Mahakama ni Kiingereza. Muhtasari wa mkutano wa kijiji wa Kiswahili, hukumu ya Bukavu ya Kifaransa, barua ya mkuu wa wilaya, vyote vitafsiriwe, na mtafsiri ale kiapo kuthibitisha kazi yake. Kurasa mia moja za hati zinaweza kula wiki tatu kati ya nane ulizo nazo. Chagueni hati kumi zinazobeba kesi, mtafsiri aanze nazo wakati shauri bado linaandikwa.

---

Chausiku_TZ

Kuhusu ushahidi, wale wa Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, walikwama wapi? Nasikia walishindwa, kisha nasikia walishinda.

---

Karani wa Zamu

Vyote viwili vilitokea, na kwa mtafiti shauri hili lina faida kubwa. Vijiji vinne (Ololosokwan, Oloirien, Kirtalo na Arash) vilifungua Shauri Na. 10 la 2017 mwezi Septemba, baada ya operesheni ya kuwaondoa wakazi ya Agosti mwaka huo. Muda waliuzingatia. Septemba 2018 wakapata zuio la muda. Lakini 30 Septemba 2022 Divisheni ya Mwanzo ilisema hawakuthibitisha kuwa maboma yaliyochomwa yalikuwa ndani ya ardhi ya vijiji na si ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Ushahidi wa mtaalamu wao wa upimaji kutoka Kenya ulikataliwa kwa sababu ya vibali. Tarehe 29 Novemba 2023 Divisheni ya Rufani ilitengua uamuzi huo kwa makosa katika kupima ushahidi, ikarudisha shauri lisikilizwe upya.

Maana yake ni miaka mingi imeliwa na swali la mpaka uko wapi. Kwenye mgogoro wa ardhi chukueni vipimo vya GPS vya kila boma, picha ya ardhini yenye tarehe, picha za satelaiti za kabla na baada, cheti cha ardhi ya kijiji, na tangazo la serikali la mipaka ya hifadhi lenye viwianishi vyake. Mpima ardhi awe amesajiliwa katika nchi husika. Akitoka nje, awe na kibali cha kufanya kazi ile kabla hajakanyaga eneo.

Kwa zuio la muda, Mahakama inapima mambo matatu: kuna swali zito la kuamuliwa, kuna madhara yasiyofidiwa kwa fedha, na mizani ya usumbufu iko upande gani. La pili ndilo watu huliandika kwa mistari miwili. Liandikie kurasa: mifugo mingapi, maji yako umbali gani, watoto wa shule wangapi wamekatishwa masomo, na nani anaapa kuthibitisha.

---

Mwana wa Mkwaju

Hukumu zenyewe tunazipata wapi bila kulipia?

---

Sheria Bila Joho

Tovuti ya EACJ yenyewe inaweka hukumu zake. TanzLII, Kenya Law, ULII na AfricanLII ni bure. Herufi za rejea zinakuambia mahakama: TZCA ni Mahakama ya Rufani Tanzania, TZHC Mahakama Kuu, KESC Mahakama ya Juu Kenya, UGSC Mahakama ya Juu Uganda.

Tafuta kwa namba ya ibara, siyo kwa neno kama "haki" au "rushwa", maana neno litakuletea maelfu. Ukipata hukumu ya Divisheni ya Mwanzo, usiinukuu kabla hujaangalia kama ilikatiwa rufani. Mlima Elgon ni mfano mbaya unaojirudia: watu wananukuu ile ya 2011 iliyokwisha kutenguliwa.

Rufani yenyewe, kwa Ibara ya 35A, ni kwa hoja ya sheria, kukosekana kwa mamlaka, au dosari ya utaratibu. Ukiacha ukweli muhimu nje ya kiapo cha kwanza, hutauingiza baadaye.

---

Kipepeo wa Tana

Na nafuu? Watu hufikiri ni tamko tupu.

---

Sheria Bila Joho

Mara nyingi ni tamko kwamba nchi imekiuka Mkataba, na Ibara ya 38(3) inaitaka nchi itekeleze bila kuchelewa. Fedha zinawezekana: Margaret Zziwa, aliyekuwa Spika wa Bunge la Afrika Mashariki akaondolewa, alikataliwa fidia Divisheni ya Mwanzo, ila Divisheni ya Rufani ikampa mwaka 2018. Lakini hasara iorodheshwe na kuthibitishwa kwa hati. Usiombe "fidia kadiri Mahakama itakavyoona" ukaishia hapo.

Jambo jingine, msimuunganishe Katibu Mkuu wa Jumuiya kwa mazoea. Usipoonyesha alijulishwa nini, lini, na akashindwa wajibu upi, ataondolewa kwenye shauri, na mtakuwa mmejiongezea wakili wa kupambana naye.

---

Chausiku_TZ

Mimi nina kanuni iliyochapishwa Gazetini tarehe 3 mwezi uliopita, ila tumeipata leo. Tuanze na lipi?

---

Karani wa Zamu

Hesabu kutoka tarehe 3, sahau leo. Pata nakala ya Gazeti lenyewe kutoka kwa Mpigachapa Mkuu wa Serikali, siyo picha ya WhatsApp, na hakikisha namba ya tangazo na tarehe zinasomeka. Soma sheria mama uone kama kanuni ina kifungu kinachoiruhusu, na kama ilipaswa kuwekwa mezani bungeni. Teua mlalamikaji mmoja mkazi ambaye kanuni inamgusa, aandaliwe kiapo wiki hii. Vifungu vinavyopingwa visizidi vile unavyoweza kuvitetea kimoja kimoja. Weka hapa maneno ya kanuni yenyewe, bila majina ya watu, tuyapitie.